Kuhama Mfumo wa Kompyuta: Laptopu Ipi Itakufaa?

Maneno haya yalisomwa redioni, nasi tumeyapiga chapa ili uyasome polepole, peke yako au pamoja na wenzako wa kikundi. Ukikutana na neno gumu usilipite. Lipigie mstari, kisha umwulize mwalimu wako.

Somo la leo ni la historia, lakini limezaliwa na shida ya juzijuzi. Katika darasa moja la jioni ninalolitembelea wako kina mama wenye chama cha kuweka na kukopa. Hesabu zao zote, yaani hisa za kila mwanachama, mikopo na marejesho, zilikuwa ndani ya laptopu moja kuukuu. Siku moja laptopu ile ikaanza kuwaonyesha tangazo kwamba mfumo wake, uitwao Windows 10, hautatunzwa tena na wenyewe waliouunda. Kina mama wakachanga fedha, wakamtuma katibu wao mjini. Muuzaji akamwambia, "Mama, laptopu ni laptopu," akampa moja nyembamba, ya kupendeza macho, na bei yake rahisi. Jioni walipoifungua, programu ya hesabu zao haikukubali kuingia humo hata kidogo. Mwenyekiti akanigeukia akasema, "Mwalimu, ina maana fedha zetu zimekwenda bure?"

Sikuwa na jibu la neno moja. Ili nimjibu ilinipasa kueleza jambo lililoanza zaidi ya miaka 40 iliyopita, na hilo ndilo nitakalokueleza wewe leo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Laptopu, ambayo wengine huiita kompyuta mpakato kwa kuwa hupakatwa mapajani kama mtoto, ni kompyuta iliyofungwa pamoja na kioo, kibodi na betri yake. Ndani yake hukaa programu kubwa iitwayo mfumo endeshi. Kazi yake ni kama ya mtunza ghala: yeye ndiye ajuaye kila kitu kimewekwa wapi, yeye ndiye mwenye funguo, na programu nyingine zote, za barua, za hesabu, za picha, hupita kwake kuomba zinachokitaka. Programu iliyofundishwa kuomba kwa mtunza ghala mmoja haijui lugha ya mwingine. Katika laptopu za leo utakutana zaidi na watunza ghala wanne: Windows ya Microsoft, macOS ya Apple, ChromeOS ya Google, na Linux, ambayo haina mwenyewe mmoja.

Basi turudi nyuma hadi mwaka wa 1981. Katika mwaka huo, huko California, Marekani, kampuni ya bwana mmoja aitwaye Adam Osborne ilianza kuuza kompyuta ya kubeba, jina lake Osborne 1. Usidhani ilikuwa nyepesi. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, umbo lake kama cherehani iliyofungwa ndani ya sanduku, na kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu. Haikuwa na betri ndani. Ukifika ulikokwenda ulitafuta umeme kwanza. Bei yake ilikuwa dola 1,795, pamoja na programu ya kuandikia na programu ya hesabu. Watu waliipokea kwa furaha, maana kabla yake haikuwa kawaida mtu kuondoka na kompyuta yake nzima mkono mmoja.

Mfumo wake uliitwa CP/M, uliobuniwa na Gary Kildall mwaka wa 1974. CP/M ilikuwa imeenea katika kompyuta nyingi za wakati ule, ila ilikuwa na kasoro moja ya kuudhi. Kila kampuni ilipanga maandishi katika diski kwa namna yake, hata diski iliyoandikwa kwa mashini ya kampuni moja mara nyingi haikusomeka katika mashini ya kampuni nyingine, ingawa mfumo ni ule ule.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, kampuni kubwa ya IBM ikatoa kompyuta yake ya mezani. Mfumo wake ulitoka kwa Microsoft, nayo Microsoft ilikuwa imeununua kutoka kampuni ndogo ya mji wa Seattle, ambako uliandikwa na Tim Paterson. Katika mapatano yale, Microsoft ilibakiwa na haki ya kuuza mfumo huo kwa kampuni nyingine pia, kwa jina la MS-DOS. IBM, nadhani, haikuona uzito wa neno hilo. Chuma kilikuwa cha IBM, lakini mtunza ghala alikuwa huru kuajiriwa kokote.

Wa kwanza kufaidika sana na uhuru huo walikuwa watu wa Compaq, kampuni ya Texas. Mwishoni mwa mwaka wa 1982 walitangaza kompyuta ya kubeba iliyotumia MS-DOS na kuendesha programu za IBM. Ilibaki sehemu moja ngumu: programu ndogo iliyomo ndani ya chuma cha IBM, inayoamsha kompyuta, ambayo kuinakili kungekuwa wizi. Compaq waligawa mafundi makundi mawili. Kundi moja lilichunguza kazi inayofanywa na programu ile, likaandika maelezo tu. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuiona programu ya IBM, likasoma maelezo yale likaandika yake mpya. Kwa njia hiyo mahakama haikuwa na la kuwashika.

Sasa pima jambo hili, ndugu. Kompyuta ya Compaq ilikuwa na uzito wa kilo 13 hivi, yaani nzito kuliko ya Osborne. Bei yake ilikuwa dola 2,995, yaani ghali kuliko ya Osborne. Hata hivyo katika mwaka wake wa kwanza, 1983, ziliuzwa 53,000. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo kampuni ya Osborne ikafilisika. Sababu za kufilisika kwake zilikuwa zaidi ya moja, lakini wanunuzi walikuwa wameanza kuuliza swali jipya. Zamani waliuliza, "Mashini hii ina uzito gani, na bei gani?" Sasa waliuliza, "Je, itaendesha Lotus 1-2-3?" Hiyo ilikuwa programu ya hesabu iliyotoka mwaka wa 1983 kwa ajili ya kompyuta za IBM, ikapendwa sana maofisini. Mtu aliyefika dukani na diski yake ya Lotus aliiingiza katika mashini. Ikiendeshwa, alilipa, isipoendeshwa, alikwenda duka la pili.

Hao ndio wahamaji wa mwanzo, waliotoka CP/M kwenda MS-DOS, na naona walikuwa na busara kuliko wengi wetu. Walikwenda dukani na kazi yao mkononi.

Apple ilishika njia nyingine. Ilitoa Macintosh mwaka wa 1984, na chuma pamoja na mfumo vilikuwa vyake mwenyewe. Laptopu yake ya kwanza, ya mwaka wa 1989, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 7 na bei ya zaidi ya dola 6,000, haikufika mbali. Lakini mwaka wa 1991 Apple ikatoa PowerBook, ambayo kibodi yake ilisogezwa nyuma karibu na kioo, pakabaki mahali pa kupumzishia viganja. Itazame laptopu yoyote leo, nawe utaona umbo lile lile.

Mwaka huo huo wa 1991, huko Helsinki, Finland, mwanafunzi wa chuo kikuu Linus Torvalds alikuwa akiandika mfumo wake mwenyewe katika kompyuta ya mezani yenye chipu ya Intel. Mfumo huo ndio Linux. Aliutoa kwa yeyote aliyetaka kuusoma, kuutumia na kuutengeneza, na maelfu ya watu wamekuwa wakiutengeneza tangu hapo. Hauuzwi kama Windows, nao huweza kufanya kazi katika mashini kuukuu. Kwa watu wenye fedha kidogo hiyo ni habari njema. Lakini kwa laptopu kulikuwa na taabu, na taabu hiyo inafaa uielewe vizuri.

Kila kiungo cha kompyuta, kama kile cha sauti au cha kushika mtandao, huhitaji programu ndogo ya kukisemesha, iitwayo draiva. Waliotengeneza viungo walikuwa wakiandika draiva za Windows, kwa kuwa ndiko walikokuwa wateja wengi. Watu wa Linux iliwabidi kujiandikia, mara nyingi bila kuonyeshwa jinsi kiungo kinavyofanya kazi. Katika kompyuta ya mezani, kiungo kikikataa, ulifungua kifuniko ukaweka kingine. Laptopu haikukupa nafasi hiyo. Viungo vyake vimebanwa pamoja na vingine vimelehemiwa, na kukitoa kimoja ni kazi ya fundi. Miaka ya 1990 laptopu nyingi zilitiwa modemu, yaani kifaa cha kuingia mtandaoni kwa waya wa simu, ambazo zilifanya nusu ya kazi tu, na nusu nyingine ziliiachia Windows. Ukiondoa Windows, modemu inabaki kama mkokoteni usio na punda.

Tena kulikuwa na jambo la fedha. Kompyuta ya mezani uliweza kuiunga mwenyewe kwa viungo ulivyonunua kimoja kimoja, lakini laptopu ilikuja dukani imekwisha kutiwa Windows, na bei ya Windows imo ndani ya bei ya laptopu. Mkataba wa Windows wenyewe ulisema kwamba mtu asiyekubali masharti airudishe kwa mtengenezaji wa kompyuta ili arudishiwe fedha. Watumiaji wa Linux wakalishika neno hilo. Tarehe 15 Februari 1999 kundi lao liliandamana hadi ofisi ya Microsoft katika mji wa Foster City, California, likidai fedha za mfumo ambao halikuutumia. Wakaambiwa waende kwa watengenezaji. Walirudi mikono mitupu, ingawa magazeti yaliisimulia habari yao.

Baadaye mambo yalilegea. Mwaka wa 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianzisha Linux ya namna nyepesi kwa mtu wa kawaida, akaiita Ubuntu. Neno hilo ni la ndugu zetu wa kusini, na wewe Mswahili umekwisha kulitambua: ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ulipoomba walikutumia diski kwa posta bure. Ubuntu ina desturi moja nzuri: unaweza kuiamsha kutoka katika diski au flashi bila kugusa kilichomo ndani ya laptopu, ukajaribu kila kiungo, kisha ukaizima na kuiacha laptopu ilivyokuwa. Likumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Sasa nikupeleke Munich, Ujerumani, kwa sababu huko halikuhama kundi la watu wachache, ulihama mji mzima. Mwaka wa 2003 ofisi za mji huo zilikuwa na kompyuta 14,000 hivi zenye Windows NT, na Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba haitautunza tena mfumo huo. Ni tangazo la namna ile ile waliyoipata kina mama wetu. Mkuu wa Microsoft wa wakati ule, Steve Ballmer, alisafiri mwenyewe hadi Munich kumwona meya. Hata hivyo baraza la mji likapiga kura kuhamia Linux.

Vyuma havikuwa mzigo mkubwa. Mzigo ulikuwa programu mamia zilizotumiwa na idara mbalimbali, na fomu na barua maelfu zilizokwisha kutengenezwa kwa namna ya Microsoft. Kwa hiyo waliwazoeza watumishi programu mpya ya ofisi, OpenOffice, wangali katika mfumo wa zamani, kwa kuwa programu hiyo hufanya kazi katika Windows na katika Linux pia. Mkono ulipozoea, ndipo walipobadili mfumo chini yake. Kazi yote ilichukua hadi mwaka wa 2013. Yaani miaka kumi! Na mwaka wa 2017 baraza jipya likapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko mengi, mojawapo likiwa taabu ya kubadilishana maandishi na ofisi za nje ya mji. Wako wanaosema mji ulishindwa, na wako wanaosema ulirudishwa na siasa. Mimi naona miaka ile kumi haikupotea, kwa maana maandishi ya mji yalikwisha kutolewa katika kifungo cha kampuni moja. Lakini mtumishi aliyelazimika kujifunza mara mbili huenda akakujibu vingine.

Programu hiyo ya OpenOffice ilifika na huku kwetu. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliitafsiri kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mtu aliweza kuandika barua na kufanya hesabu akiongozwa kwa lugha yake mwenyewe. Leo mrithi wake anayetumiwa sana ni LibreOffice, naye ni wa bure vilevile.

Bado kuna jambo la chipu, yaani ubongo wa mashini, nalo nitalipita upesi. Apple imebadili chipu za Macintosh mara tatu: mwaka wa 1994, mwaka wa 2006 na mwaka wa 2020. Katika mabadiliko ya 2006 iliweka ndani ya mfumo programu ya ukalimani, ili programu za zamani ziendelee. Mwaka wa 2011 mfumo mpya ukatoka bila mkalimani huyo, na programu zilizomtegemea zikanyamaza. Macintosh zenye chipu za Intel ziliweza kutiwa Windows kwa msaada wa Apple yenyewe. Hizi za tangu 2020 haziwezi kwa njia ile, tena memori yake huwezi kuiongeza baadaye. Kwa hiyo ukinunua moja kwa mtu, uliza ni ya chipu gani kabla ya kuuliza bei.

Laptopu aliyoleta katibu wetu ilikuwa ya namna iitwayo Chromebook, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 2011 na hutumia ChromeOS. Ni mashini iliyokusudiwa mtu ambaye kazi yake karibu yote iko katika intaneti. Inaweza kuendesha programu nyingi za simu za Android, lakini programu ya Windows haiipokei. Kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho ya kutunzwa, nayo huhesabiwa tangu aina ile ilipotolewa, si tangu siku wewe ulipoinunua. Ya mtumba yaweza kuwa imebakiwa na miezi michache tu.

Na laptopu kuukuu je? Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, hudai kifaa maalumu cha kutunza siri ndani ya mashini, nayo haizikubali karibu chipu zote za Intel zilizotoka kabla ya mwaka wa 2017. Tarehe 14 Oktoba 2025 utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ukafika mwisho. Ndivyo laptopu nyingi zisizo na ugonjwa wowote zilivyojikuta nje ya mlango, na ya kina mama ilikuwa moja yao.

Tulifanya hivi. Kabla ya kugusa mfumo tulizitoa hesabu kwanza. Programu yao iliweza kuziandika kama jedwali la kawaida, nasi tukalifungua jedwali hilo kwa LibreOffice katika laptopu ile ile ya zamani. Majuma mawili walikaa wakilinganisha kila mstari na vitabu vya wanachama. Walikuta tofauti mbili, na zote mbili zilikuwa makosa ya mkono ya siku nyingi, wala hayakuletwa na mashini. Wakanakili jedwali katika flashi mbili, moja akakaa nayo mwenyekiti, nyingine mweka hazina.

Ndipo tulipoiamsha Ubuntu kutoka katika flashi ya tatu, bila kufuta kitu. Katibu alikuwa na karatasi, akiandika. Waifai: imeshika. Sauti: inasikika. Kioo: hakina tatizo. Laptopu kulala na kuamka: sawa. Printa: imekataa. Tulijaribu printa mara tatu, ikakataa mara tatu. Kina mama wakashauriana palepale. Mwenyekiti akasema afadhali stakabadhi ziandikwe kwa mkono mpaka ipatikane printa nyingine, kuliko kuchangisha wanachama mara ya pili. Wakakubaliana, nasi tukaitia Ubuntu. Ile Chromebook haikutupwa: tarehe yake ilikuwa bado, na katibu huiandikia kumbukumbu za mikutano.

Kabla ya kipindi kijacho, ikiwa kikundi chenu kina kompyuta, au kinataka kununua, andikeni katika daftari kila programu mnayoitumia kwa juma zima. Mbele ya kila jina andikeni mfumo inaoukubali, na kama kuna njia ya kuzitoa kazi zenu humo kwa namna ambayo programu nyingine itazisoma. Programu msiyoweza kuijibia, iwekeeni alama ya kuuliza, mje nayo darasani.